Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: "Luck and Strange" ya David Gilmour

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wanapoizungumzia albamu aliyoitoa David Gilmour mwaka 2024. Tumeanza na ya msingi, kwa ajili ya anayeikuta leo, kisha tukasogea hadi yale wanayobishania waliokwisha kuisikiliza mara nyingi. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo anza popote unapotaka.

## Ya msingi

David Gilmour ni nani?

Ni mpiga gitaa na mwimbaji wa Uingereza, mzaliwa wa Cambridge, tarehe 6 Machi 1946. Aliingia katika bendi ya Pink Floyd mwishoni mwa mwaka 1967, wakati ambapo Syd Barrett, rafiki yake wa tangu ujanani na mtunzi mkuu wa bendi hiyo, alikuwa hawezi tena kuhimili kazi ya jukwaani. Gitaa unalolisikia katika The Dark Side of the Moon (1973), Wish You Were Here (1975) na The Wall (1979) ni lake, na katika nyimbo nyingi sauti inayoimba ni yake pia.

Roger Waters, aliyekuwa mwandishi mkuu wa maneno, alipojiondoa mwaka 1985, Gilmour ndiye aliyeishika bendi akiwa na mpiga ngoma Nick Mason, na mpiga kinanda Richard Wright akarudi kuungana nao. Wright ana sehemu kubwa katika albamu hii ingawa alikwisha kufariki. Hilo lina swali lake hapa chini.

Hii ni albamu yake ya ngapi akiwa peke yake?

Ya tano. Zilizotangulia ni David Gilmour (1978), About Face (1984), On an Island (2006) na Rattle That Lock (2015). Tazama miaka inayopita kati ya moja na nyingine: 22 kati ya ya pili na ya tatu, na 9 kati ya ya nne na hii. Gilmour hana haraka, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuanza kusikiliza, kwa sababu hata nyimbo zenyewe hazina haraka.

Ilitoka lini, na ina nyimbo ngapi?

Ilitoka tarehe 6 Septemba 2024 kupitia Sony. Ina vipande tisa, viwili kati yake vikiwa vifupi visivyo na maneno, na yote kwa jumla inakaribia dakika 44. Baadhi ya matoleo yana nyimbo mbili za ziada. Ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Uingereza, kama zilivyofanya mbili zilizoitangulia. Gilmour alikuwa na umri wa miaka 78.

Ni lazima niijue Pink Floyd kwanza?

Hapana, na ningethubutu kusema kwamba asiyeijua ana nafasi nzuri zaidi. Mtu aliyekulia na The Wall huketi akingojea kitu fulani kitokee, na kisipotokea hudhani amepunjwa. Msikilizaji mgeni husikia kilichopo: mzee mwenye sauti iliyokwaruzika kidogo akiimba kuhusu muda uliobaki, na gitaa linaloingia pale maneno yanapoishia.

## Maudhui

Albamu inahusu nini hasa?

Inahusu kuzeeka, na kujua kwamba mwisho haupo mbali. Msanii wa roki kuligusa jambo hilo si jipya. Mara nyingi, hata hivyo, huligusa kwa majivuno, kana kwamba anakiambia kifo kisogee pembeni, au kwa kuomboleza ujana. Gilmour hafanyi lolote kati ya hayo. Analitazama jambo lilivyo, analitaja jina, kisha anamgeukia aliyekaa karibu naye. Kwangu mimi huko kumgeukia mtu ndiko kiini cha albamu. Karibu kila wimbo unaoanza na mauti unaishia kwa mtu fulani: mke, mtoto, rafiki aliyetangulia.

Mbegu ilipandwa wakati wa karantini ya mwaka 2020. Gilmour alifungiwa nyumbani na familia yake, wakawa wanapiga na kuimba pamoja mbele ya kamera, wakirusha moja kwa moja kwenye intaneti. Wakati huohuo, ulimwengu mzima ulikuwa ukizungumzia kufa kila siku, na wenye umri wake ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mazungumzo ya aina hiyo, kati ya mume na mke waliokaa ndani pamoja kwa miezi, ndiyo yaliyokuja kuwa mashairi.

Ukitaka kuliona hilo likifanya kazi, sikiliza A Single Spark. Wazo lake ni kwamba maisha ni cheche moja katikati ya giza mbili, lililokuwepo kabla yetu na lijalo baada yetu. Wazo zito, lakini muziki unatembea taratibu, ngoma zikidunda kama mtu anayepanda ngazi bila kuhema, na gitaa la mwisho halilii. Linauliza tu.

Basi ni albamu ya huzuni?

Ina huzuni, lakini huzuni siyo inayotawala. Dark and Velvet Nights ni wimbo wenye nguvu za kutosha kukuinua kitini, na maneno yake yalitokana na shairi alilotungiwa Gilmour na mkewe kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yao. The Piper's Call unaonya juu ya vishawishi vya umaarufu, lakini umepangwa kwa wepesi, hata ukulele imo. Sings ni wimbo wa upendo wa nyumbani kabisa, na ndani yake kuna sauti ya mtoto mdogo wa Gilmour iliyonaswa miaka mingi nyuma, akimtaka baba yake aimbe. Mtoto huyo leo ni mtu mzima. Mzazi yeyote ataelewa kwa nini kipande hicho kifupi kinauma kuliko kilio chochote.

Jina la albamu limetokana na nini?

Ni jina la wimbo wa pili, ambao unazungumzia kizazi cha Gilmour: watoto waliozaliwa mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walikua katika amani, matibabu ya bure yakaanza Uingereza wakiwa wachanga, na walipofika ujana wakakuta gitaa la umeme likiwangoja. Wakaamini dunia itaendelea kuwa bora daima. Sasa, wakiwa wazee, wanatazama nyuma na kujiuliza kama ile ilikuwa ndiyo hali ya kawaida au bahati ya ajabu iliyowapitia mara moja tu.

Ninauheshimu wimbo huu kwa sababu hauwahubirii vijana. Ni mtu aliyepata mengi akikiri kwamba aliyapata kwa bahati.

Kwa nini maneno mengi ameandika mke wake?

Kwa sababu ndiyo kazi yake Polly Samson. Ni mwandishi wa riwaya, na amekuwa akimwandikia Gilmour mashairi tangu The Division Bell ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1994. Gilmour mwenyewe hajawahi kuficha kwamba maneno humjia kwa shida, ilhali muziki humjia kwa wingi.

Wapo wanaolalamika kwamba mawazo ya mzee yanaandikwa na mtu aliye mdogo wake kwa miaka 16. Mimi naona kinyume. Samson anaandika akiwa ndiye atakayebaki, na hofu ya anayebaki ni nyingine kabisa kuliko ya anayeondoka. Gilmour anapoyaimba maneno hayo kwa kinywa chake, hofu zote mbili zinasikika katika sauti moja. Huo utajiri usingepatikana kama angeandika peke yake.

## Watu walio ndani ya albamu

Charlie Andrew ni nani, na amebadilisha nini?

Ni mtayarishaji wa muziki anayefahamika zaidi kwa kazi yake na bendi ya Alt-J, ambayo albamu yake ya kwanza ilishinda Tuzo ya Mercury mwaka 2012. Albamu mbili zilizopita Gilmour alizitayarisha akiwa na Phil Manzanera wa bendi ya Roxy Music, mtu wa zama zake na rafiki wa siku nyingi. Safari hii alimchagua kijana asiyebabaishwa na jina la Pink Floyd.

Gilmour amesimulia kwamba Andrew, alipoletewa nyimbo za majaribio, aliuliza maswali ambayo hakuna mtu angethubutu kumwuliza. Kwa nini hapa pawe na solo ya gitaa? Kwa nini kila wimbo ufifie taratibu hadi kupotea, hakuna unaoweza tu kuisha? Mtu aliyeuza mamilioni ya santuri kwa solo na kufifia angeweza kukasirika. Yeye alifurahi.

Matokeo yanasikika. Nyimbo zina mwisho. Ngoma na besi zina uhai mpya, kwa kuwa Andrew aliingiza wapigaji kama Adam Betts na Tom Herbert kando ya wakongwe Steve Gadd na Guy Pratt. Fidla na kwaya, zilizopangwa na Will Gardner, hazikuwekwa kama pazia la nyuma. Zinabishana na gitaa, na mara nyingine zinalishinda. Kazi nzima ilirekodiwa kwa miezi mitano, Brighton na London.

Katika yote Gilmour aliyoyafanya kwenye albamu hii, kukubali kuulizwa maswali hayo ndiko ninakokuthamini zaidi. Ujuzi wa miaka 50 unaweza kumfungia mtu ndani. Yeye alimpa kijana ufunguo.

Familia yake imeshiriki vipi?

Kwa kiasi kikubwa kuliko albamu yoyote aliyowahi kuitoa. Binti yake Romany anaimba na kupiga kinubi, na kipande kifupi cha Vita Brevis kimejengwa juu ya kinubi hicho. Mwanawe Gabriel yumo katika waitikiaji. Mwanawe mwingine, Charlie Gilmour, ambaye ni mwandishi (si Charlie Andrew mtayarishaji), alishiriki kuandika maneno ya wimbo wa kufunga, Scattered, na picha ya jalada iliyopigwa na Anton Corbijn ilichochewa na maneno hayo.

Kwa anayehofia kwamba haya ni mapendeleo ya baba kwa wanawe, jibu limo katika Between Two Points, ambao una swali lake hapa chini.

Richard Wright alifariki mwaka 2008. Inakuwaje anapiga katika albamu ya 2024?

Mwaka 2007, baada ya ziara ya On an Island, Gilmour aliwakusanya baadhi ya wapigaji wa ziara hiyo katika ghala lililo nyumbani kwake, wakapiga bila mpango, na vinasa sauti vikiwa vimewashwa. Wright alikuwepo kwenye kinanda. Septemba mwaka uliofuata saratani ikamchukua, akiwa na miaka 65. Rekodi ikabaki.

Wimbo wa Luck and Strange umejengwa juu ya rekodi hiyo. Kwa hiyo haikutumika mashine ya kuiga sauti wala kipande kilichounganishwa kwa hila: ni vidole vyake mwenyewe, alivyopiga siku hiyo. Katika toleo lenye nyimbo za ziada utakuta rekodi yenyewe ya ghalani, inayokaribia dakika 14, na unaweza kusikia wimbo ukizaliwa.

Wright hakuwa mpigaji wa kujionyesha. Alikuwa akiweka noti mbili tatu kisha anangoja, na Gilmour alikuwa akilijibu lile pengo. Walizungumza hivyo kwa miaka mingi. Ndiyo maana wanaouliza kama ni sawa kumtumia marehemu hawanitii wasiwasi. Hapa hajatumiwa. Rafiki yake ameyaendeleza mazungumzo waliyoyaanza wawili.

Je, Between Two Points ni utunzi wa Gilmour?

Hapana. Ni wa The Montgolfier Brothers, wawili kutoka Uingereza waliourekodi mwaka 1999 na ambao hawakuwahi kupata umaarufu mkubwa. Gilmour aliupenda kwa miaka na akashangaa kugundua kwamba karibu hakuna aliyeujua.

Aliyeuimba ni Romany, na sauti yake haikulazimishwa kuwa kubwa. Anaimba kama mtu anayesema jambo ambalo amekwisha kulikubali. Baba yake anangoja hadi mwisho ndipo gitaa linaingia, na linapoingia ni kama mzazi anayemwekea mtoto mkono begani bila kusema neno. Wengi wanautaja kuwa wimbo bora wa albamu nzima, nami nimo miongoni mwao.

## Gitaa lenyewe

Bado anapiga lile gitaa lake jeusi?

La. Fender Stratocaster nyeusi, aliyoinunua New York mwaka 1970, iliuzwa katika mnada wa Christie's tarehe 20 Juni 2019 kwa dola 3,975,000 za Marekani, bei ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya gitaa mnadani. Siku hiyo aliuza magitaa yake zaidi ya 120, na fedha zote, zaidi ya dola milioni 21, zikaenda kwa ClientEarth, shirika linalopigania mazingira mahakamani.

Hii ndiyo albamu yake ya kwanza tangu mnada huo. Kama uliwahi kuamini kwamba sauti ile ilitoka kwenye mbao na nyaya, hapa pana ushahidi wa kutosha kwamba ilitoka kwenye mikono.

Kwa nini upigaji wake unatambulika baada ya noti mbili tu?

Jambo la kwanza ni jinsi anavyovuta uzi. Wapiga gitaa wengi huvuta uzi ili sauti ipande hatua moja. Gilmour huipandisha, akaituliza hapo kidogo, kisha akaisukuma juu zaidi, na kila hatua inafika mahali pake barabara. Sikio linasikia mwimbaji.

La pili ni mtetemo. Noti inaanza ikiwa imenyooka kabisa, halafu taratibu inaanza kutikisika, kama waimbaji wazuri wanavyofanya mwishoni mwa mstari. Wanaoanza hutikisa tangu noti inapozaliwa, na hapo ndipo wanapokosea.

La tatu ni mwangwi. Huutega muda wake uendane na mdundo, kwa hiyo noti iliyopita inarudi kuandamana na iliyopo. Mwangwi wa namna hiyo hauvumilii mpigaji mwenye pupa: ukipiga noti nyingi vinakuwa vurugu. Unamlazimisha mtu apumue.

La nne, lililo gumu zaidi kuliiga, ni kunyamaza. Sikiliza kinachotokea kati ya sentensi zake mbili za gitaa. Anakuachia nafasi ya kuimaliza wewe.

Mbona solo ni chache na fupi kuliko zamani?

Sababu moja ni maswali ya mtayarishaji (tazama jibu kuhusu Charlie Andrew). Lakini hazijatoweka. Nenda moja kwa moja kwenye Scattered, wimbo mrefu kuliko yote kwa zaidi ya dakika saba. Solo yake inaanza kwa gitaa lisilo la umeme, kavu, bila mahali pa kujificha, kisha la umeme linaipokea na kuipeleka juu. Kwa kuwa amejizuia katika nyimbo zilizotangulia, hapo inakuja na uzito wake wote.

Najifunza gitaa. Nianze na wimbo upi?

Between Two Points. Noti zake si nyingi, mwendo ni wa pole, na kosa lolote la kuvuta uzi litasikika wazi. Imba kwanza solo kwa mdomo mpaka uijue, ndipo ushike gitaa. Scattered iache kwa baadaye, hasa ile sehemu ya mwanzo.

## Maswali ya pembeni

Je, hii si Pink Floyd kwa jina jingine?

Kuna alama za familia: mwendo wa taratibu, nafasi pana, na Wright katika wimbo mmoja. Lakini Pink Floyd ilikuwa mvutano wa watu wanne wenye mawazo makubwa kuhusu jamii, vita na wazimu. Hii ni nyumba moja, na maswali yake ni ya mezani. Anayetafuta albamu ya mwisho ya bendi akasikilize The Endless River ya mwaka 2014, iliyotengenezwa kutokana na rekodi walizoziacha Gilmour, Mason na Wright.

Aliipeleka jukwaani?

Ndiyo, katika miji michache tu, kuanzia Septemba 2024: Circus Maximus mjini Roma, Royal Albert Hall mjini London, kisha Los Angeles na New York. Alipiga sehemu kubwa ya albamu mpya, na za zamani hakuziacha, zikiwemo Time, Wish You Were Here na Comfortably Numb. Maonyesho ya Roma yalirekodiwa na kutolewa kama filamu mwaka 2025.

Anayetaka kuona jinsi mtu anavyoweza kuiheshimu kazi ya zamani bila kuiga rekodi, atazame The Great Gig in the Sky katika filamu hiyo. Badala ya mwimbaji mmoja anayepaza sauti, waimbaji wamekusanyika kuzunguka piano na wanaimba kwa kupokezana.

Nyimbo za ziada ni sehemu ya albamu?

Kwa maoni yangu, hapana, na ni vizuri uzisikilize siku nyingine. Yes, I Have Ghosts ulitoka peke yake mwaka 2020, nao ndio ulioonyesha njia ambayo albamu ingeifuata: hapo ndipo Romany aliposikika kwa mara ya kwanza akiimba na baba yake katika rekodi. Ile rekodi ya ghalani ya mwaka 2007 ni hazina kwa wanaompenda Wright. Lakini Scattered imepangwa kuwa mwisho. Ukiacha mashine iendelee, sauti nyingine itaingia sekunde chache baadaye, na utakosa kimya ambacho wimbo huo unakihitaji baada yake.

Naweza kuruka Black Cat na Vita Brevis, kwa kuwa hazina maneno?

Usiziruke. Black Cat ni dakika moja na nusu, na ndiyo inayokupunguzia mwendo kabla wimbo wa pili haujaanza. Vita Brevis haifiki hata dakika moja, nayo inakuandaa kwa sauti ya Romany. Anayesikiliza kwa kuchanganya nyimbo ovyo anaweza kuziona hazina kazi. Zisikilize kwa mpangilio wake, upande wa kwanza kisha wa pili.